Dondoo muhimu: Kuisaka ndege ya mfano iliyopotea

Ndege ya mfano ikitumbukia katika shamba la mahindi yaliyokomaa, mwenyewe anaweza kupita hatua chache tu kutoka ilipo asiione. Kirusha mawimbi kidogo kilichofichwa ndani yake huwa mkombozi.

Barani Ulaya masafa ya 433 MHz yameachwa huru kwa vifaa vya nguvu ndogo, kwa kawaida hadi miliwati 10. Kwingineko kanuni ni tofauti, kwa hiyo fundi aiulize kwanza mamlaka ya mawasiliano.

Antena ni waya wa takriban sentimita 17, robo ya urefu wa wimbi. Ukae mbali na mota, na usipite ndani ya bomba la nyuzi za kaboni: kaboni huzuia mawimbi.

Betri iwe ya peke yake, maana ajali mara nyingi huichomoa ile kuu. Kirushaji kilie kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha kilale hadi zitimie sekunde 2. Kikila miliampia 20 kinapolia, wastani wake hushuka hadi karibu 1, na kibetri kidogo hudumu siku kadhaa.

Wakati wa kusaka, redio ya mkononi ibanwe kifuani na msakaji azunguke taratibu. Mwili hukinga mawimbi. Sauti inapofifia kabisa, ndege iko mgongoni mwake. Akikaribia, sauti itakuwa kali kila upande. Hapo achomoe antena ya redio, au asogeze masafa pembeni kidogo.