Kutunza Santuri za Asili

Santuri ndogo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za Tanga, ni za plastiki iitwayo vinili. Huzunguka mara 45 kwa dakika. Namba iliyochongwa baina ya mfereji wa mwisho na lebo husaidia kulitambua toleo la asili.

Penye unyevu mwingi, kama Amani, kuvu huota mferejini na kuharibu sauti. Wimbo usionakiliwa kwingine hupotea pamoja na sahani yake. Basi ioshwe kwa maji yaliyokenekwa, lebo isilowe. Ikauke kivulini, kisha isimamishwe wima.

Santuri kongwe, kama za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, zisiguswe na spiriti: zina shelaki, gundi ya wadudu, nayo huyeyuka humo.

Zoezi: Kwa nini vinili isianikwe juani?