Mpira, Kanyanga na Mtoto Asiyetulia



Somo la toleo hili mlituletea ninyi wenyewe. Kila tukikutana na familia zilizokimbia pamoja na wenyeji waliowapokea, kuanzia Baraka hadi Fizi na Lusenda, kuna mzazi anayesimama na kutuambia kwamba mtoto wake hatulii, hasikii, tena siku hizi ananusa pombe. Halafu anatuomba tumwingize kwenye timu ya mpira. Kwa muda mrefu tulijibu ndiyo bila kufikiri sana. Tulikuwa na mipira, uwanja ulikuwepo, na mzazi alirudi nyumbani akiwa na tumaini. Leo tunataka kueleza tuliyojifunza, makosa yetu yakiwemo.

Mtoto huyu ni nani?

Katika lugha yetu anaitwa mtukutu, kichwa ngumu, na wengine husema ana pepo. Kuna watoto ambao ubongo wao umezaliwa na shida ya kushika jambo moja na kungoja zamu. Madaktari wetu huandika TDAH kwenye fishi. Duniani kote huhesabiwa kadiri ya watoto 5 katika 100, kwa hiyo hakuna kambi wala mtaa usiokuwa nao. Mara nyingi shida hii hufuata ukoo: ukiuliza vizuri, baba au mjomba alikuwa vilevile. Haitokani na uchawi, wala mama hakukosea kulea. Fimbo haiiponyi. Tumeona watoto waliopigwa mpaka wakakimbia nyumbani, na shida ikakimbia pamoja nao.

Alama zake zinaonekana kabla ya miaka 12, zinadumu zaidi ya miezi 6, na zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na shuleni. Anaanza kazi haimalizi. Anapoteza kalamu na daftari. Anajibu kabla swali halijaisha, anaruka, anaingilia maneno ya wakubwa. Wasichana wengi wenye shida hii hawaruki. Wanakaa kimya, macho dirishani, na mwalimu anafikiri ni wavivu. Hao ndio tunaowasahau zaidi.

Lakini hapa Fizi tuwe waangalifu sana. Mtoto aliyesikia risasi usiku na kulala porini naye hatulii, naye hasikii akiitwa. Mvulana anayevua ndagala usiku kucha ziwani atasinzia darasani asubuhi, na hiyo si ugonjwa, ni usingizi. Njaa, malaria za mara kwa mara, sikio linalotoa usaha, na aina ya kifafa ambayo mtoto hukodoa macho kidogo bila kuanguka, vyote vinafanana na shida ya umakini. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa mzazi siku hizi ni hili: kabla ya kukimbia alikuwa namna gani? Kama alikuwa mtulivu, akasoma vizuri, na yote yakabadilika baada ya vita, basi ni moyo uliojeruhiwa, na unahitaji namna nyingine ya kusaidiwa. Kama tangu utoto alikuwa hivyo, tunaanza kufikiri TDAH.

Kwanza apelekwe senta ya afya, apimwe damu, masikio na macho. Muuguzi akiona inafaa atamwandikia barua ya kwenda hospitali. Huko Bukavu kuna kituo cha SOSAME cha magonjwa ya akili kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo, lakini tangu M23 walipoingia Bukavu mwezi Februari 2025, safari hiyo imekuwa ngumu mno kwa familia za huku. Tusidanganyane: kwa watoto wengi, msaada utakaopatikana ni ule tutakaoutengeneza hapa. Tunawaomba pia msinunue vidonge sokoni kwa kuambiwa vinatuliza. Tramadoli inayouzwa kijiweni ni dawa ya maumivu, nayo inafunga mtu kama kamba.

Kwa nini kanyanga inamkamata upesi

Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba vijana wenye shida hii huanza tumbaku, pombe na bangi wakiwa wadogo kuliko wenzao, na huzama zaidi. Sababu haifichiki. Mtoto wa namna hii hutenda kwanza, akafikiri baadaye. Akipewa chupa hasemi ngoja. Tena amekwisha kuitwa mjinga na mwalimu, na mzigo na baba. Wale wanaomkaribisha bila kumtukana ni wale wa kijiweni.

Mvulana mmoja wa miaka 15, anayevua usiku, alitueleza kwamba alianza kanyanga kwa ajili ya baridi ya ziwa, na bangi kwa sababu inafunga kichwa chake kisitembee. Tulimwamini. Kwa saa moja au mbili anahisi hivyo kweli. Lakini bangi inadhoofisha kumbukumbu na umakini, yaani palepale ambapo yeye tayari ni dhaifu. Kesho anahitaji tena, na zaidi. Watoto wanaokwenda machimbo ya dhahabu upande wa Misisi wanakutana na mambo hayohayo, na makundi yenye silaha yanajua vizuri kijana gani husema ndiyo upesi. Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwandikisha mtoto katika jeshi au kundi lolote, lakini sheria haisimami usiku kwenye mlango wa hema.

Tuseme pia neno gumu. Kanyanga nyingi inapikwa na mama zetu, na wengi wao ni wakimbizi wasio na shamba. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, ila sekondari inalipwa, na mama mmoja alituuliza: nikiacha kupika, ninyi mtalipa? Hatukuwa na jibu. Tulichokubaliana naye ni kidogo: mtoto asitumwe kupeleka pombe, asionje, asilale chumba cha mitungi. Amelishika neno hilo hadi leo, na sisi tunaona ni jambo kubwa.

Mpira unasaidia nini

Kukimbia na kutoa jasho kunasaidia umakini. Baada ya mazoezi, mtoto wa namna hii hutulia kwa muda na anaweza kusoma vizuri zaidi. Walimu wawili tunaofanya nao kazi wameanza kuwapa dakika 15 za kukimbia kabla ya hesabu. Usingizi nao unakuja.

Ila mpira peke yake hauzuii ulevi. Katika nchi ambako jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi, hasa Ulaya na Marekani, vijana wa michezo kwa jumla walitumia bangi na madawa mengine kidogo kuliko wenzao, lakini pombe walikunywa zaidi. Tungelijua hilo mapema, tusingefanya tulichofanya. Tuliandaa mashindano ya amani kati ya vijana wa wakimbizi na wa wenyeji, na zawadi ikawa mbuzi pamoja na makreti ya bia. Watu wazima waligawa, na watoto wakapata. Usiku wawili wakapigana, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, na asubuhi neno lilikuwa limekwisha kuwa la kabila. Wazee walikaa siku mbili kulizima. Mmoja wa wale wawili ni yule mvulana ambaye mama yake alituomba tumwokoe kwa mpira.

Tangu hapo tulibadilisha mengi. Zawadi ni mipira, jezi, au mbuzi anayeliwa palepale na timu zote mbili, na maji au uji. Hatupokei msaada wa mwenye baa. Timu tunazichanganya, mkimbizi na mwenyeji jezi moja, maana timu ya kabila dhidi ya kabila ni vita yenye filimbi.

Kwa makocha tuna maneno machache. Mwite mtoto kwa jina kwanza, angoje akutazame, ndipo umpe agizo moja, si matatu. Zoezi lisipite dakika 10 bila kubadilika. Usimweke benchi muda mrefu. Mpe kazi ya kubeba mipira au kuhesabu koni, maana kungoja ndiko kunakomvunja. Akikosea, atoke dakika 2 arudi. Kumfukuza timu kwa mwezi ni kumkabidhi kijiweni. Akifanya vema, msifu papo hapo, kwa sababu sifa ya Jumapili haisikii Alhamisi. Na saa ya hatari ni ile baada ya mchezo, jua linapozama: kocha au mzazi mmoja awasindikize mpaka nyumbani. Wasichana wapewe uwanja saa ya mchana, kabla giza halijaingia.

Kwa kijana aliyekwisha kuzoea pombe kila siku, msimfungie ghafla. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi au kuona vitu visivyokuwepo, apelekwe hospitali haraka, maana kuacha ghafla kunaweza kumwua.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

Katika mtaa au kambi yetu, ni mtoto gani tunayemwita kichwa ngumu, na nani amewahi kumpima masikio?

Mashindano yajayo, nani analipa zawadi, na ni zawadi gani?

Mama anayepika kanyanga kwa ajili ya karo, tunaweza kumpa kazi gani nyingine, hata ya siku mbili kwa juma?