Nyumba Waliyotuachia Wazazi: Mwongozo kwa Familia za Kitui na Makueni

Wazazi wakishazikwa, nyumba waliyoiacha haiwi ya kifungua mimba, wala ya kitinda mimba aliyebaki akiwatunza, wala ya yule aliyetuma pesa za mabati kutoka Mombasa. Kisheria ingali mali ya marehemu. Familia nyingi hugombania kuuza, kukodisha au kubomoa kabla ya yeyote kati yao kupata mamlaka ya kufanya hata moja ya hayo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinasema anayeingilia mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa, na anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili. Kufunga milango na kumwomba jirani aangalie boma ni sawa. Kung'oa mabati au kuanza kupokea kodi ya wapangaji ni jambo jingine kabisa.

Mzazi mmoja akiwa hai

Mama akiwa hai, watoto hawana nyumba ya kugawana. Kama baba hakuacha wosia, vyombo vya nyumbani ni vya mama moja kwa moja, na nyumba pamoja na shamba ni vyake kuvitumia maisha yake yote. Baba aliyefiwa na mke ana haki hiyo hiyo. Hata mzazi huyo aliye hai hawezi kuuza ardhi au nyumba hiyo bila idhini ya mahakama. Kumhamishia mama mzee kwenye chumba kimoja Nairobi bila ridhaa yake ili nyumba ya Mwingi au Wote ikodishwe ni kumpokonya haki yake, hata mkiita huko kumtunza. Baba akiwa na wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwa kila nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane aliye hai huhesabiwa kama mmoja zaidi katika nyumba yake.

Mabinti

Wazazi wote wawili wakiwa wamefariki, kifungu cha 38 kinawagawia watoto sawa kwa sawa. Hakiulizi kama ni mvulana au msichana, wala kama ameolewa. Wako wanaoshikilia kwamba ardhi ya Ukambani hufuata mila. Ni kweli Sheria ya Urithi iliacha ardhi ya kilimo ya baadhi ya maeneo, kama Kajiado, Narok, Samburu na Turkana, ifuate mila. Kitui na Makueni hazimo katika orodha hiyo. Tena Katiba ya 2010, ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika mila na desturi za ardhi. Wazee wa mbai, yaani ukoo, wanaweza kuwapatanisha ndugu vizuri kuliko wakili yeyote, nasi tunahimiza waitwe. Ila makubaliano yaliyoandikwa bila binti kuitwa hayamfungi binti huyo.

Karatasi

Ili kuomba mahakamani usimamizi wa mirathi, tafuteni cheti cha kifo, hatimiliki, na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Jina likifichwa, mahakama inaweza kufuta kila kitu baadaye. Pale ambapo ardhi haijapata hatimiliki, kama ilivyo sehemu nyingi za Kitui, ombeni barua kwa afisa wa ardhi anayesimamia ugawaji wa eneo hilo. Hakimu mkuu husikiliza mirathi isiyozidi shilingi milioni 20. Inayozidi hapo huenda Mahakama Kuu, iliyoko Kitui na Makueni pia. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Wasimamizi wa mirathi hawazidi 4. Binti mmoja na ndugu mmoja anayeishi nyumbani wawe miongoni mwao. Kwa kawaida hati ya usimamizi huthibitishwa baada ya miezi 6. Kabla ya hapo msigawe chochote.

Nyumba yenyewe

Hapa ndipo familia hujikwaa. Wanaandika nani atapata ekari ngapi, kisha wanasahau nyumba. Mpimaji akija na kuweka mawe, nyumba huangukia kipande cha mtu mmoja, pamoja na tangi la maji, miembe na makaburi. Kwa hiyo kabla ya kuthibitisha hati, tembeeni shambani pamoja na mkubaliane kwa maandishi. Je, nyumba na robo ekari inayoizunguka ibaki kwa majina ya wote? Au apewe mmoja, naye apunguziwe shamba? Nani atalipia paa? Njia ya kwenda makaburini itapita wapi? Aliyewauguza wazazi hapati fungu la ziada kisheria kwa sababu hiyo peke yake, lakini ndugu wakikubali kumwongezea, mahakama inaweza kupitisha makubaliano yao. Sisi tunaona ni haki kumfikiria.

Mkiamua kuuza, ngojeni uthibitisho na uhamisho wa majina, kisha mpeleke ombi kwa bodi ya ardhi ikiwa ni ardhi ya kilimo. Mnunuzi aonyeshwe makaburi kabla ya kulipa.

Mzazi unayesoma haya ukiwa hai, andika wosia na uutie sahihi mbele ya mashahidi 2 wasiorithi chochote. Wosia wa mdomo pia unakubalika mbele ya mashahidi 2, lakini kwa raia wa kawaida hubatilika usipofariki ndani ya miezi 3 tangu uutamke.