Mtoto Akifika Chuoni, Nani Anamkaribisha?

Somo la vikundi



Mtoto wa mwenzetu akipata barua ya kuitwa chuoni, sisi hapa Thika na Ruiru tunafanya harambee. Tunachanga karo, tunanunua godoro, ndoo na sufuria, na mzazi anamsindikiza mpaka langoni. Halafu tunarudi nyumbani tukifikiri kazi imekwisha. Kumbe ndani ya lango kuna watu wengine wanaomngoja, wanataka aingie katika kikundi chao. Wengi wao ni watu wazuri. Wachache wanataka ile karo.

Lengo la somo: Kujua jinsi wanafunzi wapya wanavyovutwa kuingia katika vikundi vya chuoni, na kumpa mtoto maswali ya kuuliza kabla hajaingia.

1. Wenzetu wanafanyaje?

Marekani vyuo vingi vina vyama vya udugu, vya wavulana mbali na vya wasichana mbali. Vingi huitwa kwa herufi za Kigiriki. Cha kwanza kutumia herufi hizo kilianzishwa mwaka 1776 katika jimbo la Virginia. Mwaka 1908 wasichana weusi wa Chuo Kikuu cha Howard walianzisha Alpha Kappa Alpha. Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais kuanzia 2021 hadi 2025, aliingia humo akiwa mwanafunzi.

Kuingia kuna hatua. Kwanza mgeni anazitembelea nyumba za vyama, wanaongea, wanamwangalia naye anawaangalia. Pili, wenyewe wanakaa na kuamua wanamtaka nani, na huyo anapewa mwaliko. Tatu, akikubali analipa ada na kuwekwa katika majaribio kwa wiki kadhaa. Mwisho anakula kiapo.

Faida ipo. Anapata marafiki, na watu wa kumshika mkono wakati wa kutafuta kazi. Hatari iko katika yale majaribio. Kuna mahali mgeni hulazimishwa kunywa pombe nyingi, hupigwa au hunyimwa usingizi, na huambiwa asimwambie mtu. Vijana wamekufa hivyo. Desemba 2024 Marekani ilipata sheria inayovitaka vyuo kutangaza visa vya namna hii.

Karibu nasi zaidi, Nigeria, mwandishi Wole Soyinka na wenzake sita walianzisha chama cha Pyrates katika chuo cha Ibadan mwaka 1952. Walitaka kupinga majivuno na ukabila wa wakati ule. Baadaye vikazaliwa vyama vingine vya siri, na baadhi vikawa magenge ya silaha. Julai 1999 wanafunzi waliuawa usiku na genge kama hilo katika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo. Basi tusihukumu kikundi kwa jina lake wala kwa maneno mazuri ya mwanzo.

2. Hapa kwetu je?

Kwenye Barabara ya Thika tuna Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, Zetech hapa Ruiru, Jomo Kenyatta kule Juja, na Mount Kenya mjini Thika. Hatuna desturi ya zile nyumba za Kigiriki. Lakini kazi ya kuwavuta wageni, wanaoitwa "freshas", inafanyika wiki ya kwanza tu. Kuna vikundi vya dini, vya michezo, vya wanaosomea kazi moja, vya watu wa kaunti moja, na wanaotafuta kura za uongozi wa wanafunzi. Kuna pia watu wa "biashara". Na kuna wanaume wa miaka ya juu wanaowaalika wasichana wapya kwenye sherehe, si kwa ajili ya kuwakaribisha.

Tumfikirie huyo mtoto. Hajui ofisi ya fedha iko wapi. Usiku hana wa kuongea naye. Anayembebea ndoo siku hiyo ndiye anakuwa rafiki yake. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini kuna wenyeji wanaopona kwa pesa za mgeni.

Tuliwahi kukaa na familia moja ambayo kijana wao aliitwa kwenye mkutano wa "nafasi ya vijana". Alipigiwa makofi na kuitwa kiongozi. Akaambiwa alipe siku hiyo hiyo, eti kesho nafasi itakuwa imejaa. Akatoa karo ya muhula, ile ya harambee. Kisha akaambiwa pesa itarudi akileta wengine watano. Aliona haya kuwaambia wazazi, na wakati wa mtihani ukafika jina lake halimo.

Fanyeni hesabu hii kwenye ubao. Mtu mmoja alete watano, na kila mmoja wao alete watano. Ni 5, halafu 25, 125, 625, 3,125. Mara ya sita wanatakiwa watu wapya 15,625. Watatoka wapi? Wa mwisho lazima wapoteze.

3. Jibu mnalo tayari

Vikundi vyenu vinajua kupokea mwanachama. Anasomewa katiba. Anajua kiingilio, mchango wa kila mwezi na faini. Anapewa risiti, na mweka hazina anaandika daftarini. Akitaka kwenda kuuliza mume au mke wake kwanza, hakuna anayemkasirikia. Akitaka kutoka, katiba inasema akiba yake itafanywaje. Basi mfundisheni mtoto aulize hivyo hivyo:

(a) Kikundi kimeandikishwa chuoni? Mlezi wake ni nani?
(b) Nikiingia nitalipa nini leo, na nini baadaye? Kuna risiti?
(c) Naweza kwenda kufikiri kwa wiki moja?
(d) Kuna jambo ambalo sitaruhusiwa kuwaambia wazazi?
(e) Nikitaka kutoka, natokaje?

Kikundi kizuri hakiogopi maswali haya. Palipo na haraka, siri, au kumtenga na marafiki wa zamani, aondoke. Akiona shida, aende kwa mkuu wa wanafunzi, mshauri wa chuo au kasisi wa wanafunzi.

Lakini tusimwambie mtoto asijiunge na chochote. Aliye peke yake ndiye rahisi kuvutwa. Na tusimgombeze akikosea, maana akiogopa kwetu atanyamaza mpaka karo iishe.

4. Maswali ya kujadiliana

Ona: Katika kijiji chetu, ni watoto wangapi wako chuoni? Wako katika vikundi gani?
Amua: Sisi wenyewe tunapompokea mwanachama mpya, kuna jambo tunalomficha?
Tenda: Chagueni mwanachama mmoja au wawili ambao mtoto anaweza kuwapigia simu bila kuogopa. Kabla ya kukabidhi pesa za harambee, msomeeni yale maswali matano, na muombeni karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Risiti iletwe kwenye mkutano unaofuata.