Mboga za Ndooni Wakati wa Kaskazi

Miongozo mingi ya kilimo cha mboga bila udongo imeandikwa na watu wa nchi za baridi, na karibu yote inarudia agizo moja: maji ya mizizi yawe kati ya nyuzi joto 18 na 22. Kwetu, kuanzia Kunduchi na Bunju hadi Mapinga, Zinga na Bagamoyo mjini, kaskazi ikishika mwezi wa Februari hewa ya mchana hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na usiku wenyewe hauteremki sana chini ya 24. Ndoo iliyo uani haitafika nyuzi 20 hata ikiombewa dua. Anayeikimbilia namba hiyo ataimaliza LUKU yake bure. Lengo linalowezekana Pwani ni maji yasiyovuka nyuzi 28 mchana, na mizizi isiyokosa hewa. Hilo la pili ndilo lenye uzito.

Mizizi inapumua. Huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoishika oksijeni kidogo. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi. Yakifika nyuzi 30 inabaki miligramu 7.5. Pengo hilo linaonekana dogo, lakini joto hilohilo linaifanya mizizi ipumue haraka zaidi, kwa hiyo matumizi yanapanda wakati akiba inashuka. Ndoo iliyojazwa hadi kwenye mfuniko, isiyo na pampu ya hewa, inaweza kuishiwa ndani ya saa chache. Mizizi ikidhoofika hivyo huingia pithiamu, kimelea kinachofanana na kuvu: mizizi inageuka ya kahawia, inakuwa na utelezi, inanuka. Dalili ya awali huwachanganya watu. Mboga inanyauka saa saba mchana ilhali imesimama ndani ya maji, na mwenyewe anaona kiu, anaongeza maji. Kwa kufanya hivyo anaizamisha hata ile mizizi michache ya juu iliyokuwa bado inapata hewa.

Wakulima wa mwani wa Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, wanayajua madhara ya maji ya moto kwa njia yao. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, ulikuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi, na miaka ya 2000 baadhi yao wakajaribu kuupanda kwenye kamba zinazoelea penye kina kirefu zaidi. Walianza kwa kubadili mahali, na mwenye ndoo naye aanzie hapohapo kabla hajanunua kifaa chochote.

Cha kununua kwanza, kama ni lazima kununua, ni kipimajoto. Cha homa hakifai, kwani huanzia nyuzi 35. Tafuta kile cha matangi ya samaki wa mapambo. Pima alfajiri, pima tena saa tisa alasiri. Ukikuta alfajiri 26 na alasiri 34, tatizo lako ni jua linalopiga chombo, na dawa yake ni kivuli. Ukikuta 27 na 29, umeshafanya karibu yote ambayo kivuli kinaweza kufanya.

Upande wa mashariki wa nyumba ndio mzuri: mboga zinapata jua la asubuhi, na kuanzia saa saba ukuta unazipa kivuli. Banda la makuti mepesi au neti ya kivuli hutosha kwa waliopakana na uwanja wazi. Ndoo isikae juu ya saruji wala mchanga uchi. Iweke juu ya ubao au matofali. Chombo chenyewe kipake rangi nyeusi kwanza, kisha nyeupe juu yake. Nyeupe peke yake hupitisha mwanga, na mwanga ukiingia maji hujaa utando wa kijani ambao usiku unagombea oksijeni na mizizi. Ukitumia chokaa badala ya rangi, isidondokee ndani, maana itaharibu uchachu wa maji na virutubisho vitashindwa kufyonzwa.

Wengi pia husahau maji yanatoka wapi. Simtanki jeusi juu ya mnara, na bomba la plastiki lililolazwa juu ya ardhi, vinaweza kukupa maji ya moto kuliko yaliyomo ndooni. Chota alfajiri, yaweke ndani ya nyumba, ongeza jioni. Na kwa wenye visima karibu na ufuo: yaonje kwanza. Maji yenye chumvi hayawi mazuri kwa kupozwa.

Tangi likifukiwa ardhini chini ya kivuli hutulia kwenye nyuzi 27 au 28, mchana na usiku. Ni njia nzuri kwa mwenye tangi la lita 100 kwenda juu, ila lisiachwe tupu wakati wa masika, kwani maji ya ardhini yakipanda hulisukuma likaibuka juu. Mtungi wa udongo nao unapoza kwa maji yanayokauka juu yake, ila hewa yetu ina unyevu mwingi, na unyevu huzuia maji kukauka kwa kasi. Gunia bichi ulilozungushia ndoo litakupa nyuzi mbili tatu, nyingi zaidi siku yenye upepo. Usilitarajie lifanye kazi ile linayoifanya kwenye hewa kavu ya Dodoma.

Barafu inafanya kazi, na hesabu yake ni rahisi. Kilo moja ya barafu huteremsha lita 20 za maji kwa nyuzi 5 hivi, tuseme kutoka 30 hadi 25. Kwa ndoo moja ni chupa ya lita moja iliyogandishwa, ikaingizwa ikiwa na kizibo chake ili isiyazimue maji yenye virutubisho. Ingiza saa tano, kabla joto halijapanda. Kwa pipa la lita 200 utahitaji kilo kumi kila siku, na hapo ni afadhali kupanda kitu kingine.

Kwa maoni yangu mabomba ya PVC yaliyopangwa kwa ngazi, yale yanayopendeza kwenye picha, si mahali pa kuanzia Pwani. Maji membamba yanayopita ndani ya bomba lililopigwa na jua hupata joto haraka, na umeme ukikatika mchana mizizi haina akiba. Pampu inayozama nayo huongeza joto, kwa sababu umeme inaoutumia huishia majini. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza njia isiyohitaji pampu: maji yaguse kitako cha kikombe cha mche siku ya kwanza, kisha yaachwe yashuke kadiri mmea unavyokunywa. Mizizi ya juu hubaki ikining'inia kwenye hewa yenye unyevu na inapumua hapo, hata maji ya chini yakiwa na joto. Ukiongeza, usivuke nusu ya ndoo. Joto likizidi mmea hunywa maji mengi kuliko chumvi za mbolea, kwa hiyo ongeza maji matupu. Njia nyingine ni usumba uliosagwa, ambao hushika maji na hewa pamoja. Lakini makumbi mengi ya huku hufukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba. Usumba wa namna hiyo uoshwe mara nyingi hadi maji yasiwe na ladha ya chumvi.

Kuhusu nini cha kupanda, mchicha na matembele havisumbuki na kaskazi, bamia, pilipili na rehani nazo huvumilia. Saladi ndiyo inayoleta kesi, na ndiyo ambayo hoteli za ufukweni huulizia. Singapore, nchi ya joto kama letu, Profesa Lee Sing Kong na wenzake walionyesha kwamba saladi inastawi kwenye hewa ya moto ikiwa mizizi imepozwa. Lakini walipoza kwa mashine. Nyumbani, panda saladi Juni hadi Septemba, kipupwe kikiwepo na kusi ikivuma. Ukiilazimisha Februari, basi ndoo chache na chupa za barafu, na uvune ikiwa changa kabla haijatoa shina la maua na kuwa chungu. Mbegu zake nazo hugoma kuota joto likipita nyuzi 28 au 30, kwa hiyo zioteshee ndani, sakafuni.

Ndoo iliyooza mizizi imwagwe yote, mbali na nyingine. Isugue kwa sabuni, iloweke kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, isuuze, ikauke juani siku nzima. Na kila tundu kwenye mfuniko lizibwe au lifungwe kipande cha chandarua: mbu wa dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye vyombo vya maji majumbani kama hivi.