Kumjengea Mtoto Mchanga Hisi ya Mapigo ya Muziki

Mwalimu mtarajiwa huenda akauliza: mtoto mchanga ananihusu nini, ilhali ninaandaliwa kufundisha shule ya msingi? Nami niliwahi kuuliza hivyo. Wakati wa mazoezi yangu ya kufundisha, msichana wa darasa la pili alikuja na mdogo wake mgongoni, kwani mama yao alikuwa shambani. Mtoto alipolia, nilimwamuru msichana atoke. Akasimama dirishani. Darasa lilipoanza kuimba na kupiga makofi, alimrusharusha mdogo wake kwa kuyafuata makofi yale, na kilio kikakoma. Mimi, andalio la somo mkononi, nilikuwa nimemfukuza mwalimu hodari wa muziki.

Msingi wa Somo

Mtoto huanza kusikia angali tumboni mwa mamaye. Mwaka 2009, István Winkler na wenzake walionyesha kwamba ubongo wa mtoto aliyezaliwa karibuni, hata akiwa usingizini, hushtuka pigo kuu la ngoma linaporukwa. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor wa Kanada waliwasikilizisha watoto wa miezi saba mapigo yasiyo na mkazo. Baadhi yao walirushwarushwa kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea kusikiliza mapigo yenye mkazo uliolingana na jinsi lilivyorushwa. Waliotazama tu mtu mwingine akirukaruka hawakuonyesha upendeleo huo. Ndiyo kusema, mwili hulifundisha sikio.

Hatua za Kufuata

1. Mbebe mtoto. Imba polepole wimbo wa kubembeleza unaojulikana nyumbani kwao, ukipiga hatua moja kwa kila pigo.

2. Mpakate, umpigepige taratibu mgongoni kwa kiganja. Tia mkazo mdogo kwenye pigo la kwanza kati ya mawili. Siku nyingine, kati ya matatu.

3. Nyamaza ghafla katikati ya wimbo, kisha ungoje. Akikutazama au akitupa miguu, endelea kuimba; hilo ndilo jibu lake.

4. Akishaweza kukaa, mpe mwiko na sufuria. Yafuate mapigo yake wewe. Usimlazimishe kuyafuata yako, kwani uwezo wa kulinganisha mapigo sawasawa huja polepole, kwa miaka.

Tahadhari

Usimtikise mtoto kwa nguvu kamwe. Shingo na ubongo wake ni dhaifu. Usimpe manyanga yanayoweza kupasuka na kumwaga mbegu. Epuka kelele kubwa. Akigeuza uso, amechoka, acha.

Manufaa Darasani

Mtoto huyu ndiye atakayeketi mbele yako darasa la kwanza, nawe utamtaka apige makofi kwa kila silabi: ka-la-mu, makofi matatu. Kazi hiyo haianzi siku hiyo. Ilianza mgongoni mwa mama, dada au bibi. Basi waulize wanafunzi wako nyimbo wanazowabembelezea wadogo zao, uzitumie katika masomo. Na atakayekuja na mdogo wake mgongoni, mpe nafasi karibu na mlango, usimtoe nje.

Zoezi

Tembelea nyumba moja yenye mtoto mchanga. Andika ni nani humbeba, humwimbia wimbo gani, na mwili wa mtoto huitikiaje. Jadilini matokeo katika vikundi.