Pazia la Mafunjo Liendalo Upande

Mafunjo humea kwa wingi kandokando ya Ziwa Viktoria, na huko Dunga, karibu na mji wa Kisumu, wako watu wenye ustadi wa kuyakata, kuyakausha na kuyafunga kwa kamba yawe mikeka. Mkeka huo ukitundikwa dirishani huwa pazia jema sana, kwa kuwa hupunguza jua kali na huku ukipitisha hewa. Lakini mara nyingi mwenye nyumba huona upande mmoja umeshuka kuliko wa pili, naye hutwaa kisu akakata pale palipozidi. Hilo halifai. Mkeka uliokatwa haurudi, na sababu yenyewe ingali pale pale.

Yafaa kwanza kujua kasoro iko wapi. Legeza kamba zote mpaka pazia lishuke lote, na kamba zisibebe uzito hata kidogo. Likiwa limekwenda upande hata hivyo, kamba hazina hatia. Kasoro ni ya upapi wa juu au ya mkeka. Likiwa limenyoka lishukapo, lakini likaenda upande likunjwapo, basi tazama kamba.

Upapi hupimwa kwa pima maji ya fundi. Asiye nayo na atumie chupa iliyonyoka, iliyojazwa maji ikabakizwa hewa kidogo, kisha ikazibwa. Ailaze juu ya upapi na kuona kama hewa yakaa katikati. Usifuate fremu ya dirisha, kwa maana ukuta wa udongo hutitia, na dirisha hutitia pamoja nao.

Upapi ukiwa sawa, pima mkeka pande zote mbili. Hapa ndipo penye kasoro iliyo ngumu kutambulika. Kila funjo ni nene upande wa shina, na jembamba upande wa kilele. Msukaji akiyapanga mashina yote upande mmoja, upande ule huzidi urefu kila aongezapo funjo. Tuseme tofauti ya unene ni sehemu moja ya nane ya inchi tu: mafunjo 48 yataleta tofauti ya inchi 6! Dawa yake ni kulegeza mafungo na kugeuza funjo moja baada ya jingine, shina likae karibu na kilele. Ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo ni afadhali kutazama ncha za mkeka kabla ya kununua. Msukaji ayapangaye kwa zamu astahili kulipwa zaidi, wala si haki kumpunguzia bei sawasawa na mwenye kulipua kazi.

Sasa kamba. Kamba hufungwa nyuma ya upapi, hushuka nyuma ya mkeka, huzunguka chini yake, hupanda mbele na kupita katika pete. Basi imekuwa maradufu. Ukitaka kuinua upande ulioshuka kwa inchi 1, hapana budi kufupisha kamba kwa inchi 2. Wengi hufupisha inchi 1, wakaona haitoshi, wakadhani pazia limeharibika. Kadhalika usitie kamba ya katani upande huu na ya pamba upande huu, wala mpya pamoja na kuukuu, kwani hazivutiki sawa, tena kamba ya pamba hufupika ikilowa mvua. Badilisha zote kwa siku moja, na unapokunja pazia uzivute kwa pamoja.

Liko jambo moja lililo zito kuliko pazia kwenda upande. Katika nchi nyingi watoto wadogo wamekufa kwa kunaswa shingo katika kamba za mapazia, tena kimya kimya, wazazi wakiwa chumba cha pili. Usifunge ncha za kamba pamoja zikawa kitanzi. Pigilia chango ukutani, juu kuliko mtoto awezavyo kufikia hata akipanda kiti, ukazungushe humo kamba yote iliyobaki. Kitanda cha mtoto kisiwekwe chini ya dirisha. Na katika chumba alalamo mtoto mchanga, ondoa kamba zote. Pazia likunjwe kwa mkono, na lifungwe juu kwa vitambaa viwili vifupi.